Ukigongewa mlango usiku kwenda kumtafuta mtu msituni, begini kwako kuna nini?

#1 mgumu_mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka kumi na moja. Wanaotoka huku wanajua "mgumu" ni nani. Magoti yakagoma, sasa niko kijijini upande wa kusini wa mlima na migomba yangu na ng'ombe wawili. Lakini mtu akipotea huko juu, kuanzia nusu maili (ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji) kuingia ndani, mimi ni mmoja wa wanaogongewa mlango.

Wiki iliyopita kijana wa hapa kwetu alinionyesha begi lake la uokoaji. Kisu kirefu kama mkono wangu, ndoana za samaki, kijiti cha kupigia cheche alichoagiza mtandaoni. Nikamuuliza, chai iko wapi? Akacheka. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Simcheki, maana mimi nilikuwa kichekesho kuliko yeye. Mara yangu ya kwanza ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Mzee wa miaka sabini na kitu alikwenda kuangalia mizinga yake asubuhi, magharibi imeingia hajarudi. Nikajaza begi kama naenda kileleni: kamba ya mita thelathini, panga, blanketi zito, makopo ya maharage, tochi kubwa, kilo kumi na nane hivi. Nikavaa jinzi. Kiberiti nikatia mfuko wa suruali.

Tuliingia saa moja usiku. Saa tatu tukafika kwenye korongo, na kwa begi lile nisingeweza kushuka. Nikaliegemeza kwenye mti nikasema nitalirudia. Kuanzia hapo nilikuwa mtu mwenye jinzi iliyolowa na kiberiti kilichogeuka uji, nusu saa kutoka kwenye kila kitu alichobeba. Tochi niliyobaki nayo ilikuwa imejiwasha yenyewe ndani ya begi tangu nyumbani, ikafa saa nne.

Mzee tulimpata saa tisa usiku chini ya mti mkubwa wa mseri, amekaa, magoti kifuani. Nikamshika mkono. Nikasema afadhali, hata hatetemeki.

Kulikuwa na mama mmoja katika msafara wetu, mkata majani wa siku zote, anaujua msitu ule kuliko askari. Alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka. Akaniambia, "Mwili umechoka kutetemeka, wewe unasema afadhali?" Akapiga magoti. Vifungo vya shati la mzee vilikataa kufunguka kwa sababu vidole vya kila mtu vilikuwa vimekufa ganzi, akalichana shati kwa kisu cha kumenyea ndizi. Akatoa khanga mbili zilizofungwa ndani ya nailoni, kavu kabisa, na sweta. Akamvika, akamtandikia majani chini, kisha akamwingiza mzee mzima, miguu mpaka kwapani, kwenye ile nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea. Mmoja akakaa kulia, mmoja kushoto, wamembana. Ndipo akafungua chupa ya chai. Ya tangawizi, sukari ya kukwaruza koo. Alimnywesha kwa kifuniko, fundo moja moja, baada ya kuhakikisha anajibu na anameza.

Baada ya kama nusu saa mzee akaanza kutetemeka tena. Yule mama akasema, "Sasa ndiyo afadhali."

Mzigo wake wote ulikuwa kikapu. Sidhani ulizidi kilo nne.

Tangu siku ile begi langu nimelibadili mara nyingi, na ninavyolipanga sasa ni hivi: kitu ambacho nikikikosa nitakufa hakikai begini kabisa, kinakaa mwilini. Filimbi shingoni. Tochi ya kichwani iko kichwani hata kama jua linawaka. Kibiriti cha gesi kimefungwa ndani ya kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na ule mpira wenyewe ndio kuni ya kwanza, unashika moto hata ukiwa umelowa (moshi wake mchafu, geuza uso). Kisu kidogo. Simu ya kitochi imezimwa, iko mfuko wa kifuani penye joto. Pipi za glukosi. Hata begi likienda na mto, hivi ninavyo.

Begini nabeba vya kumkuta mtu. Hapo ndipo vijana mnapokosea, mnajaza begi la kujiokoa nyinyi. Nyinyi mmekula, mna viatu, mko kumi. Yule mliyemfuata ana masaa kumi na mbili kwenye mvua. Kwa hiyo: chupa ya chai ya lita moja, nguo kavu nzima ya mtu mzima pamoja na soksi na kofia, nailoni kubwa, kipande cha godoro la sponji cha kukalia, turubai jepesi la mita mbili kwa tatu, kikopo cha bati chenye mkono wa waya cha kuchemshia maji, bandeji, glovu, khanga mbili. Khanga ni kitambaa cha kutundikia mkono uliovunjika, ni mbeleko, ni taulo, ni pazia la heshima kama uliyempata ni mama mtu mzima na nguo zimechanika.

Begi likizidi kilo saba nalifungua upya.

Nakaribisha nyongeza. Hasa wa fani ya afya, maana mimi nimejifunza kwa kukosea.

#2 Mtu wa Pwani

Nimesoma mpaka mwisho na mimi naishi Mbagala, msitu wangu ni foleni ya daladala. Mkuu umetisha. Ila kwenye orodha sijaona kachupa ka kupasha damu. Huko baridini si mnabebaga kiroba?

#3 Nesi wa Zamu

Viroba vimepigwa marufuku tangu 2017, na hata vingekuwepo visingeingia begi hili. Pombe inafungua mishipa ya ngozi. Mtu anahisi joto kwa sababu damu ya moto imetoka ndani imekuja nje, na huko nje ndiko inakopozwa. Unamharakishia.

Mgumu, huyo mama niletee nimpe zamu yangu wodini. Kila alichofanya ni sahihi, na kuna jambo moja hukulitaja ambalo nina hakika alilifanya: hakumsugua. Watu wakimkuta aliyepigwa na baridi wanaanza kumsugua mikono na miguu kwa nguvu, wanamnyanyua, wanamtembeza "apate joto". Kadiri mwili unavyozidi kushuka chini ya nyuzi 35 ndivyo moyo unavyokuwa mwepesi kushtuka, na mtu aliyefika pale pa kuacha kutetemeka mnambeba kama mayai. Amelala, taratibu, hatembezwi. Joto linawekwa kifuani, kwapani na shingoni. Chupa za maji ya moto ni nzuri, ila zizungushie kitambaa, maana ngozi iliyokufa ganzi haijui kama inaungua.

Chai kwa aliye macho tu. Anayesinzia, anayeongea maneno yasiyoshikana, usimpe kitu mdomoni.

Na yale mablanketi ya foili yanayong'aa, mepesi kama karatasi ya sigara: beba, lakini ukimlaza mtu kwenye udongo uliolowa ukamfunika foili juu, ardhi inamnyonya joto kwa chini. Kipande cha sponji alichotaja Mgumu kinamfaa kuliko hilo foili.

#4 mangi_mitumba

Naunga mkono la jinzi. Mimi nauza mitumba soko la Memorial, Moshi, wagumu ndio wateja wangu. Pamba ikilowa inabaki imelowa, inakunyonya joto mpaka asubuhi. Tafuteni sweta la sufu halisi, lile linalowasha, au flisi. Kwenye bunda vinakuja vingi na watu wa mjini wanavipita kwa sababu havina staili. Jinsi ya kujua: angalia kibandiko cha ndani. Kama kimekatwa, lowesha kona kidogo kwa maji ukamue. Flisi utaikung'uta inarudi karibu kavu, pamba itabaki imelegea mkononi.

Makoti ya mvua mjaribu kabla hamjanunua. Mengi ya mtumba kile kitambaa cha ndani kimeanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, hilo halizuii hata umande.

#5 Fundi Redio

Mkuu Mgumu, kitochi sawa, betri yake inakaa siku kadhaa na tochi ipo. Lakini usiwadharau wenye simu janja. Simu janja inasoma mahali ulipo kwa setilaiti hata bila bando na bila laini. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani bila intaneti hakuna kitu. Pakua ramani ukiwa nyumbani, washa hali ya ndege, kisha fungua tu pale unapohitaji kusoma namba. Simu inayotafuta mnara usiopatikana inamaliza chaji haraka kuliko simu inayochezesha muziki.

Namba zenyewe sasa. Huku kwetu tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele yake. Kuna usiku niliandikiwa ujumbe na kikundi: "tuko 3.21, 37.40, leteni machela." Nikaingiza kama ilivyo. Ramani ikanipeleka Marsabit, Kenya, kwenye jangwa la Chalbi, zaidi ya kilomita 700 kutoka walipokuwa! Nilijua ni kosa kwa sababu nilijua wako Kilimanjaro. Angekuwa mtu wa zamu aliye Dar angefanyaje? Andikeni "3.2100 kusini, 37.4000 mashariki" kwa maneno. Na msikate tarakimu. Tarakimu mbili baada ya nukta ni kosa la hata kilomita, tarakimu nne ni kama mita kumi.

Tuma kwa ujumbe mfupi. Mara nyingi ujumbe unapenya mahali ambapo kupiga haiwezekani.

Redio upepo ni nzuri kuliko vyote, ila masafa yake yanahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Msinunue za mtandaoni mkaanza kuongea tu, mtaingilia watu wengine.

#6 Mtu wa Pwani

Kwa hiyo msafara ungefika Chalbi wangekuta ngamia. 😂

#7 gambuti_nyeri

Salamu kutoka huku Mlima Kenya. Nimefurahia mazungumzo haya. Mimi ni wa upande wa Naro Moru, na kwetu adui wa kwanza ni kinamasi kile cha juu ya msitu. Unatembea masaa na maji ndani ya viatu. Kwa begi yangu lazima jozi mbili za soksi za sufu na mifuko miwili ya kuvaa juu ya soksi ndani ya kiatu. Miguu ikioza hata uwe na GPS ya bei gani, wewe ndiwe utabebwa.

Hapo kwa filimbi ningependa kuongeza. Filimbi tatu ni "nahitaji msaada", hiyo wengi wanaijua. Shida ni watafutaji wenyewe. Nimeona kikundi cha watu ishirini kila mtu anapuliza, anaita jina, wengine wanaimba. Mgonjwa akijibu nani atasikia? Sisi tunapuliza mara moja, halafu kila mtu anasimama, hakuna kukanyaga jani, dakika nzima kwa kuangalia saa. Mtu aliyechoka hapigi kelele, analia kama paka. Mara mbili tumepata mtu katika hiyo dakika ya kimya.

#8 mgumu_mstaafu

Ndugu wa Nyeri, hilo la kimya ni dhahabu. Sisi tunaliita "kunyamazia". Na kuna wanaojificha pia. Mtoto aliyeonywa asiongee na wasiomjua, au mtu aliyekwenda kukata mti asiopaswa, akisikia sauti za wanaume usiku anajibana kimya. Ndiyo maana sisi tunatanguliza sauti ya mtu wa nyumbani kwao. Mama wa mtoto akichoka, shangazi anaita.

Nesi, shukrani. Ni kweli hakumsugua, na mimi nilikuwa nimeshaanza kusugua miguu. Alinipiga mkono.

Mangi, nilikununulia sweta la kijani 2019, bado lipo.

#9 Kijana wa Uru

Mzee wangu shikamoo. Mimi ndiye mwenye kisu kirefu, nimejitambua. 😅 Nauliza mambo matatu. Moja, panga niache kabisa? Mbili, maji: si tunapita kwenye mito, kuna haja ya kubeba? Tatu, kwa nini nisibebe machela, nimeona za kukunja?

#10 mgumu_mstaafu

Marahaba mwanangu. Sikukutaja jina, umejitaja mwenyewe.

Panga: moja kwa kikundi kizima linatosha, analibeba anayelijua, na anatangulia peke yake. Usiku, kwenye utelezi, watu kumi kila mmoja na panga mkononi, nawaogopa kuliko nyati. Tena huko ndani ni Hifadhi ya Taifa. Huingii na panga lako ukakata njia kwa sababu tu una nia njema. Kabla ya kuvuka mpaka mwenyekiti wa kijiji awe na taarifa, KINAPA (wenye Hifadhi ya Kilimanjaro) wawe na taarifa, polisi 112 au zimamoto na uokoaji 114 wapigiwe. Si kwa ajili ya karatasi tu. Askari wa hifadhi wakijua mko wangapi na mmeingilia wapi, asubuhi wanajua kama mmetoka wote. Moto vilevile: kuwasha mle ndani ni marufuku, na mlioona ule wa Oktoba 2020 ulivyokula mlima siku nyingi hamna haja ya kuambiwa sababu. Mimi kibiriti changu ni cha siku ambayo mtu atakufa nisipokiwasha, na nikikiwasha nasafisha mpaka udongo chini.

Maji: beba lita moja unywe, na uwe na namna ya kusafisha mengine. Vidonge vya kusafishia maji soma pakiti kwanza, kuna vya ndoo nzima ya lita 20. Ukitumbukiza kimoja kwenye chupa ya lita moja utakunywa kitu kama dawa ya kufulia. Subiri nusu saa, maji ya baridi sana yaache zaidi. Ukichemsha, yakishatokota vizuri yamefaa, hata juu kabisa Kibo ambako yanatokota kabla hayajawa ya moto sawasawa.

Machela usinunue. Magunia mawili ya kilo mia, toboa kona za chini, pitisha fito mbili, unayo. Gunia tupu linakaa chini ya begi halina uzito na ni mkeka pia. Lakini jua hesabu yake: watu sita wanabeba, sita wanapokea, na kwenye korongo sita hao hawatoshi. Msipokuwa na watu wa kutosha, mtulizeni, mpasheni joto mahali alipo, tumeni wawili wakaite wengine. Tulishajaribu kumtoa mtu tukiwa saba. Tulimwangusha mara mbili.

#11 Nesi wa Zamu

Kwa wanaopanda zaidi ya msitu, kule kambi ya Horombo kwenda juu. Mtu anaumwa kichwa, anapepesuka, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kwa kidole. Akishindwa kama mlevi na hajanywa, ubongo umeanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko. Mwingine anahema akiwa amekaa, anakohoa, baadaye povu la rangi ya waridi. Hao wote dawa yao ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo, hata kama mvua. "Tusubiri asubuhi tuone" imeshaua watu.

Na tafadhali, vile vidonge ambavyo wageni wanawaachieni kama zawadi msivigawe begini kama pipi. Mmoja ana mzio, mwingine ni mjamzito, hamjui. Dawa ziwe kwa aliyefundishwa. Chumvi na sukari mnaweza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu.

#12 mangi_mitumba

Swali kwa wakubwa. Hii nailoni ya mfuko wa mbolea, si ina kemikali? Na mifuko ya plastiki si ilishakatazwa 2019?

#13 mgumu_mstaafu

Iliyokatazwa ni ya kubebea, ile ya sokoni. Hii ni ya ndani ya kifungashio cha mbolea. Lakini uko sahihi kuhusu kemikali, ioshe kwa sabuni mara mbili tatu, igeuze, ianike. Mimi nimeandika kwa kalamu nzito USO ULIO NJE upande mmoja. Na asiingizwe kichwa, kwapani ndiyo mwisho. Inaonekana ni jambo dogo kuandika mpaka umwone mtu aliyechoka saa tisa usiku anavyofanya.

Kwa ujumla kila kitu chako kijaribu gizani. Siku moja ya mvua, mlo wa usiku umeisha, toka nje nyuma ya banda la ng'ombe bila tochi, ukae mpaka vidole vigande. Kisha fungua begi, washa moto, funga turubai, mvue mtu shati. Mke wangu mara ya kwanza alidhani nimerogwa. Nilishindwa kufungua zipu ya mfuko wa bandeji. Zipu zote sasa nimezifunga kamba yenye fundo, navuta kwa meno.

#14 gambuti_nyeri

Hiyo ya fundo kwa zipu naenda kufanya leo. Betri je, unaziweka aje ndiyo tochi isijiwashe?

#15 mgumu_mstaafu

Betri moja naigeuza, kichwa kikae mkiani. Haiwezi kuwaka hata ikikandamizwa. Nikitoka tu naigeuza sawa, na hiyo yenyewe ndiyo ukaguzi wangu, maana nikiigeuza lazima niione ikiwaka kabla sijafunga mlango. Za akiba ziko mfuko wa shati, si begini. Betri ya baridi inajifanya imekwisha wakati bado.

#16 Kijana wa Uru

Mzee nimefungua begi langu sasa hivi mbele ya mdogo wangu tukiwa tumezima taa. Tochi imegoma. Ndoana moja imenichoma kidole, bandeji sikuipata. Mdogo wangu anauliza chupa ya chai ya mama tunaweza kuiazima au tununue yetu.

#17 mgumu_mstaafu

Nunueni yenu. Ya mama itakuwa na chai siku mtakayoihitaji, lakini atakuwa anainywa yeye.